Kutoka Mkojo hadi Kengele: Historia ya Kuaminika kwa Maonyo ya Sukari ya Juu, Ikitazamwa Kutoka Utete, Rufiji

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya onyo la sukari ya juu katika damu, tangu dalili zilizotambuliwa kwa macho hadi kengele ya kihisi kinachovaliwa mwilini, na inauliza ni nini hulifanya onyo la namna hiyo liaminike. Mahali pa kutazamia ni Utete na bonde la Rufiji, eneo lenye historia yake mahususi ya kukusanya habari za ugonjwa na kifo kutoka katika kaya. Hoja ya insha ni kwamba kuaminika kwa onyo hakukai ndani ya chombo peke yake. Huhitaji namba iwe kweli, sauti isikike, na mwitikio uwepo. Kila kizazi cha vyombo kimeboresha sharti la kwanza, ilhali maisha ya mgonjwa yameamuliwa mara nyingi na sharti la tatu.

1.0 Utangulizi

Utete iko kwenye ukingo wa kusini wa Mto Rufiji na ni makao makuu ya Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani. Hadi katikati ya miaka ya 2010, wilaya hiyo ilijumuisha pia Kibiti na vijiji vya delta, ambavyo sasa vina wilaya yao. Kwa muda mrefu wakazi wa bonde hili wameishi kwa kutegemea maonyo. Mkulima wa mlau, apandaye mazao maji ya mafuriko yanapopungua, hulazimika kuusoma mto kabla ya kuutumia. Mlinzi wa shamba hukesha katika dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akisikiliza nyendo za nguruwe pori na viboko. Kelele ya mlinzi huyo huwa na thamani kwa masharti mawili: kwamba mnyama yupo kweli, na kwamba wapo watu watakaoitikia. Akipiga kelele kila usiku bila mnyama, watu humzoea wakaendelea kulala. Akipiga kelele ya kweli akiwa peke yake, shamba huliwa hata kama macho yake hayakukosea.

Masharti hayo hayo yanaihusu kengele ya kisasa ya kisukari. Chombo cha kupima sukari mfululizo kina kihisi chembamba kinachoingizwa chini ya ngozi, kisha hutuma vipimo kila baada ya dakika chache kwenye simu au kipokezi. Sukari ikivuka kiwango kilichowekwa na mtumiaji, chombo hulia. Makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka masafa ya kawaida ya kulenga kwa wagonjwa wengi kuwa kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L, na kuitenga sukari iliyozidi 13.9 mmol/L kama ngazi ya pili ya sukari ya juu. Hata hivyo, kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi si sawa na kengele inayolia saa nane za usiku. Aliyeamshwa hana budi kujiuliza iwapo kengele hiyo ni ya kweli na ni hatua gani achukue. Ili kulielewa swali hilo, inafaa kwanza kurejea nyakati ambazo hapakuwa na kengele yoyote.

2.0 Dalili na Mkojo: Onyo Lililochelewa

Onyo la kwanza la sukari ya juu lilikuwa mwili wenyewe. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda na uchovu ni dalili zilizoandikwa na matabibu wa kale katika nchi nyingi. Matabibu wa Kihindi wa kale waliona kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa huvutia sisimizi, na ishara hiyo imeendelea kusimuliwa mahali pengi, Afrika Mashariki ikiwemo. Dalili hizi hazidanganyi kwa urahisi, lakini huchelewa. Kwa kawaida figo huanza kuachilia sukari kwenye mkojo pale sukari ya damu inapozidi takriban 10 mmol/L. Sisimizi wanapojikusanya, sukari imekwishakuwa juu kwa muda.

Mwaka 1908 mwanakemia wa Marekani, Stanley Benedict, alichapisha maelezo ya kimiminika cha buluu ambacho, kikichemshwa pamoja na mkojo wenye sukari, hugeuka kijani, njano, chungwa na hatimaye rangi ya matofali. Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania bado wanakifahamu kimiminika hicho kutokana na majaribio ya Biolojia ya kutambua sukari katika chakula. Kwa miongo mingi kipimo cha aina hiyo kilikuwa tegemeo la hospitali ndogo duniani, kwa kuwa kilihitaji moto, mrija wa kioo na jicho linalotofautisha rangi.

Udhaifu wa kipimo hicho ulikuwa wa namna mbili. Kwanza, kilipima mkojo uliokusanyika kwa saa kadhaa kwenye kibofu, hivyo kilieleza habari za saa zilizopita. Pili, hakikuitambua glukosi peke yake. Vitu vingine vyenye tabia ya kikemia inayofanana nayo, ikiwemo vitamini C nyingi, viliweza kubadili rangi. Vipande vya kuchovya vilivyoingia sokoni katika miaka ya 1950, vilivyotumia kimeng'enya kinachoshughulika na glukosi pekee, vilipunguza tatizo la pili lakini havikuligusa la kwanza. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwa kuwa mada ya vitamini C na mada ya kuchelewa zitajitokeza tena karibu karne moja baadaye, katika chombo cha bei kubwa kuliko mrija wa Benedict.

3.0 Damu ya Kidole na Takwimu za Muhimbili

Hatua iliyofuata ilikuwa kuhama kutoka kwenye mkojo hadi kwenye damu. Mwaka 1962 Leland Clark na Champ Lyons walieleza wazo la kuunganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima glukosi, na wazo hilo ndilo msingi wa stripi za kidole na vihisi vya leo. Katikati ya miaka ya 1960 zilipatikana stripi za kupima damu kwa rangi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ikapatikana mashine ya kuisoma rangi hiyo badala ya jicho. Kwa mara ya kwanza onyo likawa namba ya wakati uliopo.

Nchini Tanzania, historia ya kuitumia namba hiyo kuielewa jamii nzima inahusishwa sana na Muhimbili na kazi ya Profesa Donald McLarty pamoja na wenzake, akiwemo Andrew Swai. Chama cha Kisukari Tanzania kilianzishwa mwaka 1985. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989, McLarty na wenzake waliwapima watu wazima zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakakuta kwamba wenye kisukari hawakufikia asilimia 1. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 walioandikishwa Muhimbili kati ya mwaka 1981 na 1987. Miongoni mwao, 272 walihitaji insulini. Ketoasidosisi, yaani hali ya damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, pamoja na maambukizi, vilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vilivyotokea hospitalini.

Takwimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Ya kwanza ilionesha ugonjwa adimu vijijini. Ya pili ilionesha kwamba kwa aliyeupata, hatari kubwa ilikuwa hali ambayo kwa kawaida hutanguliwa na saa nyingi, au hata siku, za sukari ya juu. Kwa maneno mengine, muda wa kuonya ulikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kulipata onyo nyumbani na insulini ya kulijibu.

Hali ya vijijini haikubaki ilivyokuwa. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria hatarishi wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba asilimia 9.1 ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Takwimu hiyo hailinganishwi moja kwa moja na ile ya 1989, kwa sababu umri wa waliopimwa, maeneo na vigezo vilitofautiana. Hata hivyo, haikuwezekana tena kuuita ugonjwa huu wa mjini pekee, na hospitali ya wilaya kama ya Utete ikawa sehemu ya historia yake.

4.0 Rufiji: Habari Kutoka Kaya hadi Bajeti

Wakati teknolojia ya kupima sukari ikiendelea kupunguzwa ukubwa katika maabara za mbali, Rufiji ilikuwa ikijenga mfumo wa onyo wa aina nyingine. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Tanzania, kwa ushirikiano na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada (IDRC), ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali la mradi lilikuwa rahisi kulitamka na gumu kulijibu: je, wilaya ikipanga matumizi yake kwa kufuata ushahidi wa magonjwa yanayoua watu wake, vifo vitapungua?

Ili ushahidi upatikane, mwaka 1998 ulianzishwa mfumo wa ufuatiliaji wa watu na afya wenye kituo chake Ikwiriri. Mfumo huo ulihusisha takriban watu 85,000 katika vijiji 31 vya upande wa kaskazini wa mto, zikiwemo kata za Bungu, Kibiti, Mchukwi, Mgomba, Umwe na Ikwiriri yenyewe. Wadadisi walizipitia kaya zote kila baada ya miezi minne. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine, watoa habari wa vijijini walitoa taarifa za vizazi na vifo. Kifo kilipotokea, ndugu wa marehemu walihojiwa kwa dodoso maalumu ili kukadiria chanzo chake, kwa kuwa wengi walifariki nyumbani bila kuonwa na daktari.

Kama chombo cha kupimia, dodoso hilo halikuwa sahihi sana. Homa, kuhema kwa nguvu, kutapika na kupoteza fahamu ni dalili zinazoweza kutokana na malaria kali, na zinaweza pia kutokana na ketoasidosisi. Ndugu anayesimulia hana kipimo cha damu cha kuzitofautisha. Mtaalamu wa maabara angelikataa dodoso kama kipimo cha mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, kwa jumla ya maelfu ya kaya lilitoa picha iliyotosha kuamua, na picha hiyo ilipelekwa kwa timu ya afya ya wilaya ikiwa katika lugha ya bajeti: mzigo wa ugonjwa upande huu, fedha zilizotengwa upande ule. Fedha za ziada zilikuwa kidogo, takriban dola moja ya Kimarekani kwa kila mkazi kwa mwaka, na hata hizo hazikutumika zote. Matumizi yalielekezwa zaidi kwenye malaria, magonjwa ya watoto na huduma za msingi. Katika takriban miaka mitano, vifo vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Wapo waliotahadharisha kwamba upungufu huo hauwezi kuhesabiwa kuwa tunda la mradi peke yake, na tahadhari hiyo ni ya haki, kwa kuwa mageuzi mengine ya afya yalikuwa yakiendelea nchini wakati huohuo. Hata hivyo, fundisho la Rufiji linabaki. Habari isiyo kamilifu, ikimfikia mwenye uwezo wa kutenda, iliweza kufanya kazi ambayo habari kamilifu isiyo na wa kuijibu haiwezi.

Fundisho hilo lina upande wa pili. Mfumo unaohesabu vifo husikia zaidi kile kinachoua wengi kwa wakati huo. Kisukari hakikuwa miongoni mwa vipaumbele vilivyoubeba mradi, na kwa hesabu ya miaka ile uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Matokeo yake ni kwamba wilaya iliyojulikana duniani kwa kusikiliza kaya zake haikuwa imejengewa sikio la kusikia ugonjwa unaopanda polepole.

5.0 Kengele Inayovaliwa

Chombo cha kwanza cha kupima sukari mfululizo kuidhinishwa Marekani kilitoka mwaka 1999, kikitengenezwa na kampuni ya MiniMed. Hakikuonya chochote. Mgonjwa alikivaa kwa takriban siku tatu, kisha daktari aliyasoma matokeo baadaye. Mwaka 2001 iliidhinishwa GlucoWatch, iliyovaliwa kama saa na yenye kengele. Iliwasha ngozi, na mvaaji alipotoka jasho iliacha kutoa vipimo. Vyombo vilivyoonesha namba papo hapo pamoja na maonyo vilienea kuanzia mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2014 FreeStyle Libre iliingia Ulaya bila kengele, na toleo lake la pili, lenye kengele za hiari, likafuata mwaka 2018. Mpangilio huu unaonesha kwamba kengele haikuwa sehemu ya asili ya chombo. Ilisubiri namba ifikie usahihi ambao watu wangeweza kuuvumilia.

Usahihi huo hupimwa vipi? Watafiti hutumia maswali mawili. La kwanza ni hili: kati ya kengele zote zilizolia, ni ngapi zilithibitishwa na kipimo cha damu kilichochukuliwa karibu na wakati huo? La pili ni kinyume chake: kati ya nyakati zote ambazo sukari ilikuwa juu kweli, ni ngapi zilitangazwa na kengele? Maswali haya huvutana. Kengele ikiwekwa ilie sukari inapofika 10 mmol/L, itagundua matukio mengi, lakini italia karibu kila baada ya sahani ya wali. Ikiwekwa 15 mmol/L, itanyamaza zaidi, na itakaposema itakuwa na uzito, lakini saa kadhaa zitakuwa zimepita. Uchaguzi kati ya hizo mbili hauamuliwi na chombo. Huamuliwa na maisha ya anayekivaa.

Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliweka vigezo vya kundi jipya la vyombo hivi. Kwa vipimo vilivyo juu ya 10 mmol/L, zaidi ya asilimia 80 vilitakiwa viwe ndani ya asilimia 15 ya kipimo cha rejea, na zaidi ya asilimia 99 viwe ndani ya asilimia 40. Kwa hesabu ya kawaida, kihisi kinachoonesha 14 na kukosea kwa asilimia 15 kinaweza kumaanisha damu yenye takriban 12 au 16. Zote mbili ni sukari ya juu, hivyo kengele kama tangazo la hatari ni ya kweli. Namba yenyewe kama msingi wa kukokotoa dozi ni jambo jingine.

Chanzo cha pili cha kosa ni kuchelewa. Kihisi hakipimi damu, bali majimaji yaliyo kati ya seli, ambayo sukari yake huifuata ya damu kwa dakika kadhaa, mara nyingi tano hadi kumi au zaidi. Sukari inapopanda haraka, kengele huchelewa. Inaposhuka, kengele huendelea kudai kwamba iko juu. Hapa ndipo onyo la sukari ya juu linapotofautiana na onyo la sukari ya chini. Onyo la uongo la sukari ya chini humfanya mtu anywe chai yenye sukari bila sababu. Onyo la sukari ya juu lililopitwa na wakati linaweza kumfanya adunge insulini juu ya insulini, na kumpeleka kwenye kuzimia.

Chanzo cha tatu ni vitu vinavyokidanganya kihisi. Vitamini C ya vidonge, ikizidi miligramu 500 kwa siku, imetajwa na watengenezaji wa Libre kuwa huweza kuinua namba kwa uongo. Chungwa moja halikaribii kiwango hicho. Parasetamoli iliinua namba katika matoleo ya awali ya Dexcom. Kipimo cha kidole nacho si hakimu asiye na dosari. Kidole chenye utomvu wa embe kinaweza kutoa namba ya juu kwa mtu ambaye sukari yake ni ya kawaida, na stripi nyingi husoma juu zaidi pale damu inapokuwa na chembe nyekundu pungufu. Katika bonde lenye malaria na selimundu, upungufu wa damu si jambo la pembeni. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, yaani HbA1c, hupotoka pia katika hali hizo, kwa sababu hutegemea uhai wa kawaida wa chembe nyekundu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kihisi kisichotegemea chembe hizo kinaweza kuwa shahidi bora kuliko vipimo viwili vilivyozoeleka.

Hatimaye, sauti yenyewe. Mwaka 2016 kampuni ya Dexcom iliwatahadharisha watumiaji kwamba baadhi ya vipokezi vyake huenda visitoe sauti ya onyo la sukari ya juu au ya chini, na mamlaka ya Marekani ikaliweka tukio hilo katika daraja la uzito wa juu kabisa. Kihisi kilikuwa kimepima sawasawa. Kipaza sauti ndicho kilichoshindwa. Katika matumizi ya kila siku, jambo hilohilo hutokea simu inapoishiwa chaji, inapozimwa sauti, au mwenye nayo anapochoshwa na kengele nyingi kiasi cha kuziondoa.

6.0 Kengele Hiyo Ikilia Utete

Vihisi hivi bado ni adimu katika vituo vya umma vya Tanzania, na bei yake haimfikii mkulima wa kawaida. Kwa watoto na vijana wenye kisukari aina ya kwanza, mpango wa Changing Diabetes in Children, uliozinduliwa mwaka 2009, umesaidia kupatikana kwa insulini, glukomita na stripi nchini. Nchini Kenya na Afrika Kusini, shirika la FIND limeongoza utafiti kuhusu matumizi ya vihisi katika mazingira ya kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo si jambo la kubuni kuuliza ni nini kitatokea kengele hiyo itakapofika bondeni.

Jibu linaanzia kwenye insulini. Kengele za sasa zilikua sambamba na insulini mpya zinazofanya kazi haraka na kwisha baada ya saa chache. Katika vituo vingi vya umma Tanzania, insulini inayopatikana zaidi ni ile ya binadamu ya aina ya kawaida au mchanganyiko. Ile ya kawaida huanza kufanya kazi baada ya takriban nusu saa, hufikia kilele kati ya saa mbili na nne, na huendelea hadi saa tano au nane. Mgonjwa anayeidunga saa mbili usiku kisha akasikia kengele saa nne usiku anasikia habari za dawa ambayo bado haijamaliza kazi yake. Asipofundishwa hilo, kengele sahihi inaweza kumwongoza kwenye kosa.

Sehemu ya pili ya jibu ni umbali. Tangu Daraja la Mkapa, lenye urefu wa takriban mita 970, lifunguliwe mwaka 2003, barabara ya kusini imeacha kutegemea kivuko cha Ndundu. Ndani ya delta, hata hivyo, safari bado ni ya chombo cha majini, na ratiba yake huwekwa na maji kujaa na kupwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba Rufiji na Kibiti yalikumbusha kwamba njia inaweza kutoweka kwa wiki nzima. Katika hali kama hiyo kengele haina budi kulia mapema zaidi kuliko inavyopendekezwa kwa mkazi wa mji wenye gari la wagonjwa, kwa sababu muda kati ya onyo na hospitali ni mrefu. Lakini kengele ya mapema hulia mara nyingi, na inayolia mara nyingi huzoeleka. Huu ndio mvutano wa kweli wa Utete, na hakuna kiwango kimoja cha kiwandani kinachoweza kuutatua.

Kinachoweza kuupunguza ni mwitikio uliopangwa kabla. Mtu akiosha mikono na kuhakiki kwa kidole, akanywa maji, akapima ketoni kwenye mkojo, akahesabu saa tangu sindano ya mwisho, na akafahamu kwamba kutapika au kuhema kwa nguvu ni amri ya kusafiri bila kungoja kupambazuke, onyo lake limepata wa kuliitikia. Vilevile zahanati ikiwa na stripi na insulini iliyotunzwa kwenye ubaridi unaofaa, mgonjwa hufika mahali pa kutibiwa. Yasipokuwepo hayo, namba iliyo sahihi hubaki kuwa habari ya huzuni iliyotolewa kwa wakati.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa katika insha hii inaonesha kuhama kwa tatizo badala ya kutoweka kwake. Mkojo uliochemshwa na kimiminika cha Benedict ulieleza yaliyopita. Damu ya kidole ilieleza ya sasa, lakini kwa aliyekumbuka kupima. Kihisi hupima bila kukumbushwa, na ndiyo sababu makosa yake yamehamia kwenye kuchelewa kwa dakika, kwenye sauti, na kwenye uamuzi wa anayeamshwa. Hata vitamini C, iliyokisumbua kipimo cha mkojo, imerudi kukisumbua kihisi.

Mfumo wa Ikwiriri ulitumia dodoso lenye dosari nyingi kuliko kihisi chochote, lakini kila taarifa yake ilikuwa na mahali pa kufikia: meza ya timu ya afya ya wilaya, yenye mamlaka juu ya fedha. Kengele za kisukari zina historia iliyo kinyume chake. Zimefikia usahihi mkubwa kabla ya kuandaliwa mahali pa kufikia katika wilaya kama Rufiji na Kibiti. Kwa hiyo, pale vihisi vitakapoingizwa katika hospitali ya Utete na vituo vilivyo chini yake, tathmini ya kuaminika kwake haipaswi kuishia kwenye asilimia za mtengenezaji. Inapaswa kuhesabu pia ni kengele ngapi zilisikika, ngapi zilihakikiwa, ngapi zilikuta insulini ipo, na ni baada ya saa ngapi mgonjwa aliyepaswa kufika hospitali alifika. Wilaya hii iliwahi kuzihesabu kaya zake kila baada ya miezi minne, na hesabu kama hizo haziko nje ya uwezo wake.